Mavazi ya Rubani Kwenye Hafla ya Kuajiri: Kuanzia kwa Fundi Hadi Mezani

Rubani anayerusha ndege ndogo aina ya Cessna Caravan kutoka Arusha kwenda Seronera au Kogatende, huko Serengeti, huvaa kila siku shati jeupe lenye tepe mabegani, suruali ya buluu, na viatu ambavyo ikifika saa nne asubuhi vimekwishachukua rangi ya vumbi la kiwanja cha porini. Mavazi hayo yanaitosha kazi ile. Taabu huanza siku anapoalikwa kwenye hafla ya kuajiri marubani, ambapo shirika kubwa la ndege hukodi ukumbi wa hoteli Dar es Salaam, Nairobi au Dubai, likapanga meza na kuzungumza na kila mwombaji kwa dakika chache tu. Hapo ndipo anapofungua kabati na kukuta sare, fulana, kanzu ya Idi, na suti moja aliyoshonewa kwa ajili ya harusi ya kaka yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na pia kwa ajili ya kijana aliyemaliza mafunzo pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kupata leseni ya rubani wa biashara akiwa na saa za kuruka mia mbili na kidogo.

Afisa aliyekaa upande wa pili wa meza ana wasifu wako mkononi. Saa ulizoruka, aina za ndege na cheti cha afya cha daraja la kwanza vimeandikwa humo, wala hakuna suti itakayoongeza hata saa moja. Anapokutazama, anajaribu kukuvika sare ya shirika lake kwa macho. Kwa hiyo vazi linalofaa ni lile linalomrahisishia kazi hiyo: limekaa mwilini, rangi yake imetulia, na halimfanyi aikumbuke tai yako huku akiwa amelisahau jina lako. Sare ya marubani yenyewe ilitoka baharini, kwani katika miaka ya 1930 Pan American Airways iliwavika marubani wa ndege zake zilizotua majini mavazi yaliyofanana na ya maofisa wa meli, na desturi hiyo ikaenea duniani. Sisi uhusiano huo tulikuwa nao mdomoni tayari, maana kiongozi wa ndege tunamwita nahodha, kwa neno lile lile la mkuu wa jahazi.

Hatua ya kwanza: soma mwaliko, kisha ikalishe sare nyumbani

Anza wiki mbili kabla. Mialiko mingi hutaja mavazi rasmi ya kikazi, na maana yake ni suti na tai kwa mwanamume, na suti au vazi linalolingana nayo kwa mwanamke. Ikiwa mwaliko unawahusu wanafunzi wa urubani na umewataka waje na sare ya chuo, vaa sare ya chuo bila kubishana na maandishi. Ikiwa hausemi lolote, vaa suti.

Usivae sare ya mwajiri wako wa sasa, hata kama inakupendeza na hata kama umepata tepe ya tatu mwezi uliopita. Sare ile ni mali yake, na kuivaa ukiwa unaomba kazi kwa mwingine ni sawa na kupeleka posa ukiwa umevaa pete ya ndoa nyingine. Zaidi ya hilo, dunia ya marubani wa Afrika Mashariki ni kama mtaa mmoja: picha ikipigwa ukumbini, itazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kumfikia rubani mkuu wa kampuni yako kabla hujamaliza kikombe cha chai. Beji ya mabawa nayo ibaki nyumbani pamoja na sare.

Hatua ya pili: chagua suti

Chagua buluu iliyoiva, ile inayokaribia weusi lakini ukisimama dirishani inaonekana kuwa ni buluu, au kijivu cha mkaa. Rangi hizo mbili zinatosha, na mtu mwenye suti moja tu basi iwe ya buluu. Kahawia, kijani, rangi ya maziwa na vitambaa vinavyong'aa vina mahali pake, na mahali hapo ni kwenye sendoff na harusi.

Kuhusu nyeusi nina neno la kusema, kwa sababu niliilipia. Katika hafla yangu ya kwanza nilivaa suti nyeusi, shati jeupe na tai nyekundu, nikajiona nimependeza kupita wote. Sikujua kuwa wahudumu wa hoteli ile nao walivaa nyeusi na nyeupe. Nikiwa nimesimama karibu na meza ya vitafunwa nikisubiri zamu yangu, mzee mmoja mwenye heshima zake alinisogelea, akaniuliza kwa upole chai ya tangawizi ingeletwa saa ngapi. Nilimjibu kwamba nitauliza, nikaenda kuuliza kweli, nikamletea jibu. Nusu saa baadaye nilimkuta mzee huyo huyo amekaa mezani miongoni mwa maofisa waliokuwa wakituhoji. Alicheka, nami nikacheka, lakini dakika mbili kati ya zile chache nilizopewa zilikwenda kwenye chai.

Kitambaa kiwe sufu nyepesi, au mchanganyiko wa sufu na poliesta ikiwa fedha haitoshi. Poliesta tupu huhifadhi jasho na hupata mng'ao wa mafuta mahali palipopigwa pasi kali. Koti liwe la safu moja ya vifungo, viwili au vitatu, na kifungo cha chini kabisa hakifungwi. Hakuna haja ya kununua dukani kwa bei ya kuumiza. Mtu mwenye jicho na subira anaweza kupata suti ya sufu safi kwenye mitumba ya Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba kule Nairobi, akaipeleka kwa dobi na kisha kwa fundi, ikatoka ikiwa nzuri kuliko mpya ya bei kubwa ambayo haikurekebishwa. Katika mitumba kagua sehemu nne kabla ya kujadiliana bei: chini ya kwapa, makalio ya suruali kama yamechakaa na kung'aa, ukingo wa mifuko, na bitana ndani ya koti.

Hatua ya tatu: nenda kwa fundi

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda na fedha kuliko mahali pengine popote. Nenda ukiwa umevaa shati na viatu vile vile utakavyovaa siku yenyewe, kwa sababu urefu wa suruali hupimwa kwa kiatu, na mkono wa koti hupimwa kwa mkono wa shati.

Mabega ndiyo ya kwanza kutazamwa. Mshono wa bega la koti uishie pale bega lako linapoishia. Ukining'inia nje, koti ni kubwa, na fundi mwaminifu atakuambia kwamba kurekebisha mabega ni karibu sawa na kulishona koti upya. Kama mabega hayakai, tafuta koti jingine. Yakikaa, mengine yote yana dawa. Mkono wa koti ufupishwe hadi mkono wa shati uonekane kwa takriban sentimita moja na nusu. Kiuno kipunguzwe kiasi cha kwamba ukifunga kifungo, koti halivutiki na kufanya makunyanzi ya herufi X tumboni. Suruali iguse kiatu na kukunjika mara moja kwa wepesi mbele. Ikikunjika mara tatu utaonekana umeazima ya baba, na ikiishia juu ya kifundo cha mguu utaonekana uko matembezini.

Mwombe fundi akuangalie unapokaa. Rubani hufanya kazi akiwa amekaa, na mahojiano nayo hufanyika mkiwa mmekaa, lakini karibu kila mtu hujipima nguo akiwa amesimama mbele ya kioo. Kaa kwenye kigoda cha fundi, nyoosha mikono mbele kana kwamba umeshika usukani, uone kama mgongo wa koti unakubana na kama suruali inapanda hadi ngozi ya mguu kuonekana juu ya soksi.

Kisha kuna jambo dogo ambalo nimeliona likiwaharibia vijana wazuri kabisa. Suti mpya hutoka kiwandani ikiwa na uzi uliovuka kama msalaba kwenye mpasuo wa nyuma wa koti, na lebo ya kitambaa iliyoshonwa juu ya mkono wa kushoto, karibu na vifungo. Vyote viwili hukatwa kabla ya kuvaa. Uzi ule umewekwa ili koti lisikunjike likiwa safarini kwenda dukani, na lebo ile ni ya muuzaji; wapo wanaoiacha wakidhani ndiyo inayoonyesha kuwa suti ni ya bei. Chukua mkasi mdogo, usitumie wembe, ukate uzi mmoja mmoja ili kitambaa kisichanike. Mifuko ya nje ya koti iliyoshonwa kwa uzi mwepesi, iache hivyo hivyo: mfuko uliofungwa hauwezi kujazwa simu na funguo, na koti litabaki limenyooka.

Hatua ya nne: shati na tai

Shati liwe jeupe, la mikono mirefu, la pamba au lenye pamba nyingi, na lisilo na mifuko miwili ya kifuani wala vitanzi vya kuwekea tepe mabegani. Nasisitiza hilo la vitanzi kwa kuwa marubani wengi hujaribu kuokoa fedha kwa kuvaa shati la sare chini ya koti, na mara tu koti linapovuliwa, siri inakuwa wazi. Kola ikifungwa, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Ndani vaa fulana nyeupe isiyoonekana kolani, hasa ukiwa Pwani, kwa maana jasho la Dar es Salaam la mwezi Februari halimheshimu mtu.

Tai iwe ya rangi moja au yenye mistari iliyotulia, na ncha yake iguse bizimu ya mkanda. Wengine husema uvae rangi za shirika unaloliomba. Mimi naona ni kujipendekeza kunakoonekana kutoka mbali, tena kama katika ukumbi huo huo kuna mashirika mawili, utakuwa umelikaribisha moja na kulikataa jingine kabla hujafungua mdomo.

Hatua ya tano: viatu

Viatu viwe vyeusi, vya ngozi, vya kufunga kwa kamba, na mkanda uwe mweusi vile vile. Soksi ziwe ndefu na nyeusi au za rangi ya suruali. Vipige rangi usiku wa kuamkia siku hiyo, viache vikauke, uvipige brashi asubuhi, na usisahau kisigino, kwa kuwa unapoondoka mezani kisigino ndicho kinachokuaga.

Wakazi wa Pwani na Visiwani wana hatari nyingine. Soli nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa poliyurethani, na zikikaa miaka kadhaa kwenye joto la unyevunyevu huoza kimyakimya huku kiatu kikionekana kipya. Nilipokuwa nikisaidia kupokea waombaji katika hafla moja, kijana mmoja aliingia amevaa viatu vya kung'aa ambavyo bila shaka vilikuwa vimetunzwa kabatini kwa ajili ya siku kubwa. Kutoka mlangoni hadi mezani aliacha nyuma yake vipande vyeusi vilivyofanana na makombo ya mkate uliokauka. Alipokaa, soli ya kulia ilikuwa imebaki nusu. Alijibu maswali yake vizuri, lakini hakunyanyua mguu hata mara moja. Kwa hiyo vitembeze viatu vyako mtaani kwa siku mbili au tatu kabla ya tukio, hata kama ni vipya.

Kwa wanawake

Ushauri wa suti, fundi na rangi ni ule ule. Kwenye sketi na suruali nitasema wazi kwamba naegemea suruali, na sababu yangu ni ya kiufundi. Mashirika mengine humwita mwombaji kwenye simuleta, yaani mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, siku hiyo hiyo au kesho yake, na kuingia kwenye kiti cha rubani kunahitaji kuvusha mguu juu ya kiweko cha katikati, kisha kukanyaga pedali kwa miguu yote miwili hadi mwisho. Sketi nyembamba haiwezi kazi hiyo kwa staha. Anayependelea sketi ndefu kwa sababu za dini achague iliyo na upana wa kutosha, na aijaribu nyumbani kwa kupanda na kushuka kwenye kiti kirefu.

Kisigino cha kiatu kiwe kifupi na kipana. Hijabu iwe ya rangi moja inayolingana na suti, ya kitambaa kisichoteleza, iliyobanwa kwa pini zisizometameta, na ncha zake ziingizwe ndani ya koti zisining'inie. Jaribu kuvaa vipokea sauti vya masikioni juu yake nyumbani, uone kama vinakaa na kama pini haikuchomi. Mwenye misuko au rasta azikusanye kisogoni, chini ya pale ambapo utepe wa vipokea sauti hupita. Fundo la utosini hupendeza, lakini kichwani mwa rubani huwa kikwazo. Hereni ziwe ndogo za kubana, na bangili zibaki nyumbani.

Nywele, ndevu, mikono na harufu

Nyoa nywele siku mbili kabla, usinyoe asubuhi hiyo hiyo, ili mikwaruzo ya wembe ipone. Suala la ndevu lina historia yake: mashirika mengi yalizikataza kwa hofu kwamba barakoa ya oksijeni haitashika vizuri usoni, mpaka mwaka 2018 Air Canada ilipowaruhusu marubani wake kuwa na ndevu fupi baada ya utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Simon Fraser. Mashirika mengine bado yana kanuni za zamani. Anayefuga ndevu kwa sababu ya imani azipunguze ziwe fupi na zenye ukingo safi, kisha awe tayari kuulizwa na kujibu bila kukasirika. Kwa anayefuga kwa urembo tu, hesabu yangu ni rahisi: zitaota tena.

Mikono ya rubani wa ndege ndogo humtangaza. Unamwaga mafuta kidogo kila asubuhi ili kukagua kama yana maji, unapakia mabegi ya watalii, unafunga kamba za mizigo, na weusi unajificha chini ya kucha. Kata kucha, zisugue kwa mswaki wa zamani na ndimu.

Harufu ni jambo ambalo sisi watu wa Pwani hatulioni kwa urahisi. Nguo iliyofukizwa udi ni heshima mbele ya mgeni, ila katika chumba kidogo chenye kiyoyozi, mbele ya mtu asiyeizoea, humlevya. Suti iliyotunzwa na vidonge vya nondo ni mbaya zaidi. Itundike kivulini penye upepo kwa siku tatu, na siku yenyewe tumia manukato kidogo sana au usitumie kabisa.

Mkoba na karatasi

Beba folda nyembamba ya ngozi au ya kitambaa cheusi. Begi la mgongoni hukunja mabega ya koti ulilolipia, na begi la magurudumu hukufanya uonekane umetoka kutua sasa hivi. Ndani weka nakala kadhaa za wasifu, nakala ya leseni, ya cheti cha afya na ya kiwango cha lugha ya Kiingereza, pamoja na kitabu cha kumbukumbu za saa za kuruka ikiwa kimeombwa, na kalamu mbili.

Safari ya kwenda na muda wa ukumbini

Siku tatu kabla, vaa kila kitu kuanzia soksi hadi tai, ukae navyo kwa saa nzima mbele ya mtu asiyekuonea haya. Dada mkubwa anafaa sana kwa kazi hii.

Siku yenyewe koti lisafiri likiwa limetundikwa, wewe ukiwa na shati tu. Bodaboda uiache, maana tope la Nairobi na vumbi la Dodoma havichagui. Ukitoka mkoani, fika jana yake, upige pasi ulipofikia, kwa kuwa pasi ya nyumbani haidumu saa nane za basi. Ukialikwa Dubai katikati ya mwaka, joto la nje hupita nyuzi 40 na ukumbi huwa wa baridi kama Njombe, hivyo usivae koti mpaka umeingia ndani na jasho limekauka.

Ukifika, ingia kwanza msalani. Tazama kola, zipu, meno na kamba za viatu, kisha zima simu. Kibandiko cha jina kiweke upande wa kulia wa kifua, ili anayekupa mkono jicho lake lifuate mkono wako na kukutana na jina. Kikombe ukishike kwa mkono wa kushoto, na sambusa zenye mafuta uziache mpaka umemaliza meza zote. Unapokaa, fungua kifungo cha koti, unaposimama, kifunge. Ukipelekwa kwenye simuleta, omba ruhusa ya kuvua koti, litundike, kunja mikono ya shati mara mbili, na uingize ncha ya tai kati ya vifungo vya shati ili isilale juu ya usukani.

Ukirudi, toa kila kitu mifukoni, tundika suti kwenye kining'inizo kipana, na uipige brashi kavu badala ya kuikimbiza kwa dobi. Ukiitwa kwa hatua ya pili, vaa suti ile ile na ubadilishe tai.